Aliye katika mtanziko tusimwambie "shauri yako"

Neno ninalokusudia kulichambua leo niliwahi kuliandika kwa kalamu nyekundu pambizoni mwa karatasi ya mwanafunzi, nikadhani kazi yangu imekwisha. Miaka kadhaa imepita tangu siku hiyo, na neno lenyewe bado linanidai.

Mwanafunzi huyo alikuwa binti wa mwaka wa pili chuoni, mzaliwa wa Kayole, katika mitaa hii ya Eastlands ambamo nami naishi. Katika insha yake aliandika kwamba alikuwa "kwenye dilema". Nilipiga mstari chini ya neno hilo, nikaandika juu yake "mtanziko". Kisha nikasahihisha upatanisho wa kisarufi mahali pawili, nikampa alama 64, nikaishika karatasi iliyofuata. Yaliyosimuliwa katika insha hayakunishughulisha. Yalikuwa haya: mdogo wake alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule ya bweni; mama yao aliuza mboga kando ya barabara; fedha zilizokuwapo zilitosha karo ya mtoto mmoja tu. Mimi nilikuwa nikitafuta makosa ya lugha, nami niliyapata.

Kabla sijaendelea na kisa hiki, naomba tulitazame neno lenyewe, maana ndilo lililonifunza kosa langu.

Mtanziko ni nomino ya ngeli ya U-I: mtanziko, mitanziko, kama zilivyo mzunguko, mtikisiko na mkanganyiko. Ondoa m- ya mwanzoni na -o ya mwishoni, utabaki na kitenzi tanzika. Ndani ya kitenzi hicho mna kiambishi -ik-, kile kinachoonyesha hali, tunachokiona pia katika vunjika na kunjika. Mzizi uliobaki ni uleule wa nomino tanzi, ambayo wengi wetu tunaifahamu zaidi kwa umbo lake la udogo, yaani kitanzi. Basi aliyetanzika ni mtu aliyenaswa, na mtanziko ni hali yake.

Tanzi si fundo la kawaida. Fundo la kawaida ukilifunga hukaa vilevile mpaka utakapolifungua. Tanzi ni kamba iliyofungwa kwa namna ambayo fundo lake huteleza juu ya kamba yenyewe, hata duara lililofanyika liweze kupanuka na kufinyika. Aliyekulia mashambani na kuwategea kwale anajua linavyofanya kazi. Ndege hutia mguu katika duara, akastuka, akaruka ili ajiokoe. Kule kuruka ndiko kunakokaza kamba. Akivuta kushoto, inakaza. Akivuta kulia, inakaza. Nguvu zake mwenyewe ndizo zinazomfunga.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wa waliolibuni neno hili. Mtu aliye katika mtanziko hakukosa nguvu wala hakukosa njia. Njia anazo, tena zaidi ya moja, ila kila anayoivuta inambana upande mwingine. Binti yule angevuta kuelekea chuoni, mdogo wake angekosa kidato cha kwanza. Angevuta kuelekea nyumbani, angeitupa shahada ambayo mama yake aliigharimia kwa miaka ya kuamka alfajiri kwenda sokoni.

Wasomaji walimu watakubaliana nami kwamba neno hili huchanganywa na mengine yanayolikaribia. Kuna shaka, ambayo ni kutojua lipi ni kweli. Kuna utata, ambao katika isimu ni neno au sentensi moja kubeba maana zaidi ya moja. Nikikuambia kwamba nimenunua mbuzi, hujui kama nimenunua mnyama au kifaa cha kukunia nazi. Ukiniuliza, utata umekwisha. Kuna njia panda, ambayo pengine ndiyo jirani wa karibu zaidi wa mtanziko. Lakini aliyefika njia panda anaweza kuketi chini ya mti, akamsubiri mpita njia amwulize, hata akarudi alikotoka. Njia zinamngoja. Tanzi halimngoji mtu. Siku ya kuripoti shuleni ikifika imefika.

Kuna pia methali isemayo kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Wanafunzi wengi huitumia kuelezea mtanziko, nami nadhani hawamtendei haki mwenye kutanzika. Fisi alisikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili, akataka kuzipita njia zote mbili kwa pamoja hadi akapasuka msamba. Msiba wake ulikuwa tamaa. Angeshika njia moja angekula akashiba, wala asingekuwa na wa kumlaumu. Aliyetanzika hatafuti vinono viwili. Ana wajibu wa aina mbili, zote halali, na akitimiza mmoja anauvunja mwingine. Waliosoma tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege watamkumbuka Neema, ambaye wajibu kwa wazazi wake na wajibu katika ndoa yake vinavutana. Kumwita Neema fisi ni kumwonea.

Wagiriki wa kale walitazama jambo hilihili kwa jicho jingine. Sehemu ya kwanza ya neno lao, lililozaa dilema, ina maana ya mbili. Ya pili ina maana ya jambo lililokubaliwa kuwa msingi wa hoja. Lilikuwa neno la wanamantiki: unampa mshindani wako mambo mawili achague, na lolote atakalochagua linamshinda. Waandishi wa Kilatini waliiita hoja ya namna hiyo hoja yenye pembe, kwa kuwa ukikwepa pembe moja unachomwa na ya pili. Sina ugomvi na neno dilema, wala simkatazi mtu kulitumia. Lugha hukopa, na Kiswahili kimekopa kwa wengi bila kupungukiwa. Nasema tu kwamba neno la Wagiriki limetoka katika ukumbi wa mabishano, na letu limetoka porini, kwenye mtego, ambako anayenaswa ana mwili na pumzi.

Aidha, neno letu lina jamaa ambaye dilema hana. Kiswahili kina kiambishi cha kutendua, yaani kile kinachogeuza tendo likawa kinyume chake: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Kwa njia iyo hiyo, penye kutanzika pana kutanzua. Twasema kutanzua tatizo, kutanzua fumbo, nasi tumesahau kwamba maana ya asili ni kulegeza kamba. Na tanzi hulegezwaje? Jambo la kwanza ni kuacha kuvuta. La pili ni kurudi nyuma kidogo, kuelekea kigingini, ili kamba ipate ulegevu. La tatu ni kulirudisha fundo kwa vidole mpaka duara lipanuke. Ndege hawezi haya, maana hofu inamwamuru aruke. Humfaa mwenye mikono aliye nje ya mtego.

Sasa nirejee kwa yule binti. Wiki mbili baada ya kuwarudishia karatasi zao alibisha hodi ofisini. Nilidhani amekuja kubishania alama. Alisimama akiwa na ile karatasi mkononi, akasema, "Mwalimu, hili neno uliloniandikia nimelitafuta kwenye kamusi. Ndilo hasa. Lakini sijui nifanyeje." Kisha akanieleza kwa mdomo yale niliyokuwa nimeyasoma bila kuyasoma.

Nilimsikiliza kwa dakika chache. Nilikuwa na kikao. Nikamwambia, kwa upole niliouona mwenyewe kuwa mwingi, kwamba yeye ni mtu mzima, kwamba mimi siwezi kumwamulia mambo ya nyumbani kwao, na kwamba shauri ni lake. Alinishukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja darasani, wala iliyofuata hiyo.

Huenda msomaji akaona kwamba nilijibu vyema. Nilikuwa na mwenzangu mkubwa katika jibu hilo. Mwaka 1945, mjini Paris, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara uliokuja kupata umaarufu duniani. Humo alisimulia habari za mwanafunzi wake aliyemjia wakati wa vita. Kaka yake kijana huyo aliuawa mwaka 1940, na mama yao alibaki hana faraja nyingine ila yeye. Kijana alitaka kuvuka aende Uingereza kujiunga na Wafaransa waliokuwa wakipigania nchi yao. Lakini akienda, mama atabaki peke yake na majonzi. Sartre alimjibu kwamba yu huru, basi achague. Jibu hilo limesomeshwa vyuoni kwa miaka mingi kama heshima kwa uhuru wa binadamu. Nami nakiri kwamba lina heshima ndani yake. Hata hivyo, nimejiuliza mara nyingi kijana yule alishuka ngazi za nyumba ya mwalimu wake akiwa na nini mkononi ambacho hakupanda nacho.

Kilichonizindua mimi hakikuwa kitabu. Kilikuwa kibao cha barabarani. Alasiri moja nilikuwa ndani ya matatu katika barabara ya Jogoo, foleni imeshikana, nikawa nasoma majina ya vituo kama afanyavyo mtu aliyechoka. Majina mengi ya mitaa yetu ya Eastlands ni nomino za Kiswahili zenye matumaini: Bahati, Maringo, Uhuru, Umoja, Huruma. Jina moja halifuati mkondo huo, kwa sababu linasomeka kama sentensi nzima, tena ya kuamuru. Nalo ni Shauri Moyo.

Shauri ni neno lenye asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusu kutakana rai. Kizazi chake katika Kiswahili ni kikubwa: shauriana, ushauri, mshauri, mashauri, na hata halmashauri. Mahakamani, shauri ni kesi inayosikilizwa. Katika maneno yote haya hamna hata moja linaloweza kutendeka na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Shauri huhitaji wawili.

Lakini tazama yaliyolipata neno hili vinywani mwetu. Mwanafunzi akisema "shauri yako", mwalimu hufoka kwamba upatanisho umevunjwa, kwa kuwa shauri ni la ngeli ya LI-YA na ilipasa kuwa "shauri lako". Sarufi ni sawa, ila mwalimu amelikosa jambo kubwa zaidi. Maumbo haya mawili yamekwisha kuachana kimaana. Shauri lako ni rai yako au jambo lako. Shauri yako, kama isemwavyo kuanzia Majengo hadi Dandora, ni onyo na kunawa mikono: utajua mwenyewe, mimi simo. Neno lililozaliwa ili watu wakae pamoja limegeuka neno la kumwacha mtu peke yake. Nami, msomi wa lugha, nilikuwa nimelitamka kwa upatanisho sahihi, "shauri ni lako", na maana yangu ilikuwa ileile ya kondakta anayemwambia abiria shauri yake.

Jina la Shauri Moyo lina historia inayolifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, utawala wa kikoloni ulikibomoa kijiji cha zamani cha Pangani, mojawapo ya makazi ya kwanza ya Waafrika mjini Nairobi. Humo walikuwamo watu waliojenga nyumba zao wenyewe, wanawake wengi miongoni mwao, wakaishi humo na kupangisha vyumba. Mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa na halmashauri ya mji wakati huo, na ndiko walikoelekezwa wengi wa waliobomolewa. Wengine waliingia Pumwani. Kukubali nyumba ya halmashauri kulikuwa na maana ya kupata paa na kupoteza milki, kwa sababu nyumba hizo hazikuwa zao. Kukataa kulikuwa na maana ya kubaki bila paa. Huo ulikuwa mtanziko kamili, tena uliofungwa na mikono ya watu. Zipo sehemu nyingine zenye jina hilo, Zanzibar na Ilala mjini Dar es Salaam, kwa hiyo sidai kwamba jina lilizuliwa hapa. Nasema tu kwamba mtu aliyehamia hapa kutoka Pangani aliweza kulisoma kwa namna mbili: ushauri moyo wako, yaani tafakari, au, hilo ni la moyo wako, yaani shauri yako.

Nilishuka kituo kilichofuata. Siku ya pili yake niliwauliza wenzake darasani, nikaelezwa kwamba binti anauza nguo za mitumba Gikomba na kwamba ameacha masomo. Nilimtumia ujumbe nikimwomba aje. Alipokuja nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ya kwanza: je, ameandika barua ya kuahirisha masomo? Hakujua kwamba kuna barua ya namna hiyo. Alidhani kwamba anayetoka chuoni ametoka. Mimi nilijua kanuni hiyo tangu nilipoajiriwa. Nilikuwa nayo kichwani siku ile alipokuwa amesimama mbele yangu na karatasi mkononi, nami nikampa uhuru wake badala ya kumpa habari.

Barua iliandikwa, ikakubaliwa, ingawa ilichelewa. Nyumbani kwao mama aliwaita mjomba na wanawake wawili wa chama chake, wakaketi jioni moja. Sikuwapo, naeleza nilivyoelezwa. Uamuzi ulikuwa kwamba binti ataahirisha mwaka mmoja afanye biashara, chama kitamkopesha mama sehemu ya karo, na kijana ataiacha ile shule ya bweni aingie shule ya kutwa iliyo karibu. Mwaka uliofuata binti alirudi darasani.

Nisimdanganye msomaji kwamba kila kitu kilikaa sawa. Binti alimaliza nyuma ya wenzake. Kijana aliikosa shule aliyoifanyia bidii, na dada yake aliniambia kwamba kila akimwona akitoka asubuhi na sare za shule ya kutwa huhisi kama amemkosea. Hakumkosea. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1965 kwamba katika migongano ya namna hii, hata aliyechagua vizuri hubaki na majuto, na kwamba majuto hayo si upumbavu. Kamba ikilegezwa mguu hutoka, lakini alama yake hubaki kwenye ngozi kwa muda. Hiyo ni tofauti nyingine kati ya mtanziko na fumbo la hesabu, ambalo likitanzuliwa halimwachi mtu na kovu.

Naomba basi niseme na walimu wenzangu kwanza. Wanafunzi wetu wa Kayole, Dandora, Umoja na Mathare huandika maisha yao katika insha kwa sababu mara nyingi hawana mahali pengine pa kuyaandika. Kalamu nyekundu ifanye kazi yake, na dilema ipewe mwenzake mtanziko. Lugha ni amana yetu. Lakini tuisome na sentensi yenyewe. Na mwanafunzi akibisha hodi, tusikimbilie kuheshimu uhuru wake kabla hatujamwambia tunayoyajua: kuna barua gani, kuna ofisi gani, kuna tarehe gani. Uamuzi utabaki kuwa wake. Kumshauri mtu si kumwamulia, kama vile kumlegezea ndege kamba si kumchagulia upande wa kuruka.

Nanyi wanafunzi, ukiona kila unakovuta kunakubana, acha kuvuta kwanza. Usiamue usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Mtafute mtu aliye nje ya kamba hiyo, umweleze yote, hata yanayokuaibisha, kwa maana mficha uchi hazai. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, nao hawakusema kwamba wazee hao lazima wawe maprofesa. Mara nyingine ni wanawake wawili wa chama walioketi kwenye mikebe mbele ya kibanda cha mboga.

Binti yule sasa ni mwalimu. Alinipigia simu juzi kuniuliza kama ni sahihi kuandika "mitanziko" katika wingi. Nikamjibu kwamba ni sahihi. Kisha nikamwuliza kwa nini ameuliza, naye akanyamaza kidogo, akasema kuna mwanafunzi wake mmoja ameandika jambo katika insha, na kwamba kesho atamwita wazungumze.